Njia ya Korongo la Mtoto

Baba yangu alikuwa ananisahau Jumapili hadi Ijumaa, na Jumamosi ananikumbuka. Najua inavyosikika. Hata daktari nilipomweleza aliniangalia kwa huruma, akaandika maneno marefu kwenye faili, na nina hakika aliandika kwamba binti ndiye anayehitaji kupumzika.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nyumbani kwetu Kaloleni ule ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemkalia kabisa. Alikaa dirishani tangu chai ya asubuhi, mikono magotini, akiniita "mama" kwa adabu ile ya kumwita mwanamke yeyote usiyemjua. Nikimpa uji alinishukuru mno. Inauma baba yako akikushukuru mno kwa uji. Afadhali angenigombeza, maana zamani alikuwa mkali huyo, na ukali wake nimeurithi wote mimi, ndugu zangu hawakubakiziwa hata chembe.

Kila Jumamosi nilimpandisha kwenye Landrova yake kuukuu, nikashika usukani mimi, tukazunguka mlima hadi upande wa kaskazini, kule ambako migomba inakwisha na nyika kavu inaanza. Hapo tuliiacha lami na kuishika njia ya zamani ya malori. Baba aliiendesha njia ile miaka yote ya ujana wake, akibeba mahindi, vitunguu, na watu waliokaa juu ya vitunguu. Haikuwa barabara ya kuchorwa kwenye ramani. Ilikuwa mistari miwili ya matairi katika vumbi jepesi la kijivu, inapotea kwenye mawe na kuibukia ng'ambo, na Mlima Meru upo pale pale kando, hata uende saa nzima hausogei.

Tukishaiacha lami tu, mguu wake wa kushoto ulianza kukanyaga klachi isiyokuwepo. Halafu akasema. "Vua Kofia," tulipopita chini ya mgunga ulioinamia njia. Mbele kidogo, "Kaza Bolti," maana mawe ya pale yalilegeza kila kilichofungwa. Kisha "Sufuria," mahali ambapo mwanamke mmoja aliwapikia madereva chai, na sasa hata figa moja halikubaki. Majina hayo waliyatunga madereva wenyewe, hakuna ofisi inayoyajua. Sauti ya baba ilirudi jina kwa jina. Nami niliendesha taratibu mno, madirisha wazi, vumbi linaingia hadi kwenye meno, nikiona kana kwamba nimelala na naota ndoto niliyokwisha kuiota na bado naitaka.

La mwisho lilikuwa Korongo la Mtoto. Hapo ndipo mama yangu alipojifungua. Walikuwa wanatoka nyikani, walikokuwa wakiishi wakati huo, wakielekea hospitali ya Nkoaranga, uchungu ukalishinda lori mbio, na baba akazima injini kwenye mchanga mkavu wa korongo, akatandika magunia matupu, akatafuta kisu cha kukatia kitovu. Mtoto huyo ni mimi. Kila tulipoteremka pale alinigusa mkono na kusema, "Zima gari." Nilizima. Aliutazama mchanga, akanitazama mimi, muda mrefu, halafu akacheka.

"Ni wewe," alisema. "Ulilia kabla hata sijapata kisu."

Basi kwa robo saa nilikuwa na baba. Aliniuliza kwa nini nimekonda, kwa nini gari linavuta kushoto, na kama kanisani bado naimba kwa pua. Mama alikwisha kututoka, na hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyenijua tangu pumzi ya kwanza. Tukirudi, tukiikanyaga lami tu, nilikuwa tena yule mama wa uji. Sikujali. Nilikuwa nimeshapata changu cha wiki.

Kiangazi kimoja tukakuta nguzo nne za zege zimesimamishwa baada ya Kaza Bolti, na mnyororo, na kibao: magari hayaruhusiwi, ni kwa waendao kwa miguu na mifugo tu. Nilishuka nikakisoma mara tatu. Sababu zilikuwepo, sitasema uongo. Magari na pikipiki za watu wa matembezi zilikuwa zinachora njia mpya kila wiki, kila mmoja anataka picha yake na mlima, majani hayaoti tena, na wafugaji wa pale walilalamika kwa haki kabisa. Ardhi ile ni ya umma, na ng'ombe nao wamo kwenye huo umma. Niliyaelewa yote hayo, na nilikasirika vilevile.

Nilikwenda kwenye ofisi ya wale waliokiweka kibao. Nilipokewa na bwana mmoja mpole, mpole wa kukera.

"Dada yangu," aliniambia, "nikikufungulia wewe leo, kesho wengine nitawaambia nini?"

"Waambie waje na baba zao waliosahau, kama wangu."

Alipanga karatasi zilizokuwa zimepangika. Halafu, kwa moyo mweupe kabisa, akanishauri nimpandishe mzee punda. Niliinuka nikaaga, maana ningebaki pale ningetoa maneno ya kwenda kutubu Jumapili. Na nusu ya safari ya kurudi mjini nikajikuta namfikiria huyo punda kwa dhati. Kilomita saba za jua, na mzee mwenye nyonga mbovu. Nikaacha.

Nilijaribu ujanja mwingine. Nilimzungusha kwa barabara ya lami hadi mbali, nikidhani mwendo ndio dawa. Alisinzia. Siku nyingine nilimwacha na jirani, nikaenda peke yangu hadi kwenye zile nguzo, nikaliacha gari na kutembea hadi korongoni. Majani kweli yalikuwa yameanza kurudi katikati ya mistari ya matairi, membamba, mazuri, na nikayachukia. Nilijaza mchanga wa korongo kwenye kopo la maziwa ya unga. Jioni nikammiminia baba kiganjani. Aliutazama kwa makini, akageuka kutafuta pa kuutupa.

"Mama," alisema, "samahani, hapa pana uchafu. Kuna ufagio?"

Nikaleta ufagio, nikafagia, nikaenda kulia jikoni.

Nilikaa miezi bila kumpeleka tena kule. Safari ya mwisho tuliyokwenda ilikuwa asubuhi yenye ukungu, ukungu ule unaoshuka kutoka mlimani na kulala juu ya nyika hadi usijue mbele ni wapi. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuisikia sauti yake.

"Vua Kofia," akasema. Mguu wake ukakanyaga klachi. "Kaza Bolti."

Kisha nguzo. Nilisimamisha gari, injini ikinguruma pole pole, na baba akangoja. Aliutazama mnyororo bila hasira, hakuuliza umetoka wapi. Niliona sauti inataka kumpotea tena, nikaogopa.

"Bado Sufuria, baba," nikamkumbusha. "Halafu Korongo la Mtoto."

Aligeuka akanitazama, kwa adabu ile ile ya dirishani.

"Wewe unashukia wapi, mama?"

"Korongo la Mtoto," nikasema. Nilidhani jina lenyewe litafanya kazi.

Na lilifanya. Uso wake ulifunguka wote, akacheka kile kicheko cha korongoni, akaweka kiganja juu ya dashibodi.

"Unapajua! Pale alizaliwa mtoto. Wa kwangu mimi, wa kike. Nilitandika magunia." Akatikisa kichwa, bado anatabasamu. "Alilia kabla hata sijapata kisu. Sijui siku hizi yuko wapi."

Nilitaka kumshika mabega nimwambie, baba, niangalie vizuri. Lakini alikuwa na furaha, na sikuwa na la kumpa lililo bora kuliko hilo alilokuwa nalo.

"Yupo," nikasema. "Hajambo."

"Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Basi ukimwona," baba akasema, "msalimie."

"Nitamsalimia," nikajibu, nikatia rivasi.