Lori la Idarus na Minazi ya Marehemu Gona

Nguma wa Gona alilizunguka lile lori kama baba mkwe anayekagua ng'ombe wa mahari. Akapapasa bodi, akanusa rangi, akalipiga tairi teke, kisha akarudi alikoanzia na kuanza upya. Lilikuwa lori dogo la magurudumu manne, limepakwa rangi ya kijani inayong'aa hata mtu angeweza kunyoa ndevu mbele yake. Nguma alijiona humo, akaona uso wa mtu mwenye homa.

"Nikuulize tena, Bwana Idarus."

"Uliza," akasema Idarus, fundi mwenye gereji pale Changamwe, bila kuinua kichwa. Kofia yake nyeupe ilikuwa imesahau zamani kwamba ni nyeupe. "Ukichoka kuuliza, utaniambia nami nichoke kujibu."

"Alikufa mtu humu?"

"Wallahi, hakufa mtu."

"Hata kuku?"

"Kuku hawaendeshi lori, ndugu yangu."

Na Idarus hakuficha kitu, tusimsingizie. Lori lilikuwa la tajiri mmoja wa nguo, likapinduka kwenye mteremko wa Mazeras na kulala chali. Watu wa bima wakaja na tai zao shingoni, wakatikisa vichwa, wakamlipa tajiri haki yake, wakaandika kwamba hili si lori tena, ni vyuma. Idarus akavinunua vile vyuma, akavikokota hadi kwake, akagonga, akachomea, akapaka rangi, mpaka siku moja vyuma vikanguruma. Vita vikuu ndiyo kwanza vimekwisha, na lori jipya lilikuwa la kuombea barua kwa mzungu na kulingoja mpaka uote mvi. Nguma hakuwa na barua, na mvi alikuwa nazo tayari.

Alichokuwa nacho ni nazi. Alizinunua kwa watu wa Utange na vijiji vya jirani, akazipeleka kisiwani kwa mkokoteni, na mchanga wa Kisauni mnaujua: unameza gurudumu kama mtoto anavyomeza wali. Akifika sokoni, wenye malori wameshauza, wameoga, wanakunywa kahawa. Nyumbani lundo lake lilikuwa linaota machipukizi. Msimu mwingine namna hiyo, naye angerudi kuwa kibarua wa kubeba nazi za watu.

Sasa, mtu wa mahali pengine akiuziwa gari lililopinduka, atainama atazame chini yake. Sisi watu wa Kisauni ni werevu zaidi. Tunauliza habari za damu. Chombo kilichokwisha kuonja damu ya mtu kitaitaka tena, hilo halina mjadala, na Nguma alikuwa amebatizwa na bado hakuwa na mjadala nalo. Kwa hiyo hakulala chini kutazama chuma. Alivuka maji mpaka Likoni kumtafuta Tsofa, dereva aliyekuwa humo siku ile.

Akamkuta amekaa kwenye kreti, anakula mihogo ya kukaanga kwa upande mmoja wa mdomo.

"Damu?" Tsofa akacheka, akafunua pengo. "Jino tu, mzee. Liling'oka pale kwenye usukani."

"Damu ilitoka?"

"Jino liking'oka hutoka maziwa?"

Nguma akaingiwa na shaka. Je, jino ni damu au si damu? Alimtazama yule dereva akiwa hai, anatafuna, na hakumwuliza neno jingine. Alikwenda moja kwa moja kwa Ngala, baba yake mdogo, mzee ambaye hakuna shauri la ukoo lililopita bila yeye, wala tembo la mnazi.

Ngala akafikiri kwa kirefu, kwani tembo lilikuwa bado limo ndani ya kata.

"Jino si maiti," akaamua. "Lakini marehemu ndugu yangu lazima aambiwe, kwa sababu ya minazi."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Idarus hakutaka fedha, na vizuri, maana Nguma hakuwa nazo. Alitaka minazi, ile safu iliyopandwa na Gona, baba yake Nguma, kutoka kisimani mpaka mpakani. Pwani yetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na minazi ya yule, na wote wakasalimiana vizuri. Minazi ile ndiyo iliyomlipia Nguma mahari, ndiyo iliyolisha nyumba kila biashara ilipolala. Lori kwa minazi, mkono kwa mkono. Kache, mkewe, alipoambiwa hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Kafedha, mnazi hauli petroli," akaendelea kukuna nazi. Nguma angependa kelele kuliko maneno hayo.

Basi asubuhi ya siku yenyewe Ngala akamwaga tembo kidogo kwenye koma, vile vigingi vya mti vilivyosimamishwa kwa ajili ya wafu wa ukoo, akamweleza marehemu habari za lori na za jino. Tembo lililobaki, ambalo lilikuwa jingi, akalihifadhi tumboni. Marehemu hakupinga. Nguma alitamani angalau apinge kidogo.

Idarus akaja na lori likiimba. Kache alikuwa amekwisha fagia ua, mchanga una michirizi ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Kuonyesha uhodari, Idarus akaingia moja kwa moja, akaukata ua wote kwa mstari ulionyooka, akasimama penye minazi na kuzima moto. Nyuma yake, kwa baiskeli, akaja mkwezi wake, Garama, kijana wa Mtwapa mwenye nyayo ngumu kama kwato.

Desturi ya kukabidhi minazi haina karatasi. Mkwezi wa mwenye minazi mpya anakwea mnazi wa kwanza mbele ya mashahidi na kuangua nazi. Ikigusa chini, basi, minazi imehama.

"Tuanze, Bwana Nguma?" akauliza Idarus.

Nguma akatikisa kichwa kwa namna ambayo hata yeye hakujua ni ndiyo au siyo. Garama akaona ni ndiyo. Akaweka panga kiunoni, akapachika vidole vya mguu kwenye kidato cha kwanza kilichochongwa shinani, huyoo.

Nguma hakuweza kutazama juu. Aliona kama anatazama mtu anampanda baba yake mabegani. Akainamisha macho, na ndipo alipoona mchanga.

Lori la magurudumu manne likienda mbele limenyooka, magurudumu ya nyuma hukanyaga palepale yalipokanyaga ya mbele. Alama huwa mbili. Nguma alizihesabu, akazihesabu tena, zikawa nne. Mbili za mbele, na mbili za nyuma zimesogea pembeni, toka langoni mpaka penye minazi. Lile lori lilikuwa linakwenda kama kaa wa mkokoni, uso huku, matako kule. Aliwahi kuwa na baiskeli ya namna hiyo, iliyopinda fremu, na siku aliyoipakia magunia ilimtupa mtaroni bila kumwambia kwaheri.

"Garama!" akapiga ukelele. "Shuka!"

"Nimeshafika, mzee!" Sauti ikatoka kwenye makuti. "Nimeshika kole la nazi!"

"Usiguse! Toa mkono!"

"Nikitoa mkono nitaanguka mimi!"

"Basi anguka wewe, nazi ibaki!"

Ngala, ambaye tembo lilimpa ujasiri, akakimbia mpaka chini ya mnazi na kutandaza shuka yake apate kuidaka nazi kabla haijagusa ardhi. Akabaki na nguo ya ndani tu, naye ni mzee wa ukoo. Kache akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Juu kule kole likalia krr. Kisha Garama akaanza kushuka kidato kwa kidato, mikono mitupu, anamtukana kila mtu kwa heshima.

Nguma akanyoosha kidole kwenye mchanga. Idarus akatazama, akakuna kidevu.

"Chasisi," akasema. Huo ndio mgongo wa gari, unaobeba yote. "Ilipinda ilipoanguka. Nimeinyoosha kwa moto na nyundo, mgongo wenyewe haukutaka kunyooka wote."

"Na hukuniambia!"

"Uliniuliza habari za damu, Bwana Nguma, kutwa kucha. Habari za chuma hukuniuliza hata siku moja. Nami lori naliendesha, latembea. Sijakuuzia punda."

Lilikuwa kweli, na ukweli ukitoka kwa mtu anayetaka minazi yako huwa mchungu maradufu. Minazi imebaki. Nazi nazo zimebaki palepale zinaota, na kesho ni siku ya soko. Akalitazama lundo. Akalitazama lori.

"Kununua, sinunui," akasema. "Lakini kwa kuwa umeshafika... waweza kunipelekea mzigo huu kisiwani? Nusu tu, usilijaze. Nitakulipa kwa nazi."

Idarus akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Ngala, akijifunga shuka yake, akaapa kwamba hajapata kuona mwanamume anayemkataa bibi harusi kisha anamwomba ampikie.

Wakapakia. Kache akajitandia leso yake nzuri, akapanda mbele na kukaa kando ya Idarus kama mke wa liwali.

"Mama Kafedha, shuka humo!"

"Nishuke? Tangu nizaliwe sijapanda motakaa. Wewe huji?"

Nguma hakuja. Aliazima baiskeli ya Garama, akalifuata lori kwa nyuma njia nzima ya kwenda daraja la Nyali, vumbi kinywani, macho kwenye yale magurudumu, huku akipiga kelele kila penye kona: "Polepole, Idarus! Umebeba mke wangu!" Na kila mara mkono wa Kache ukatoka dirishani, ukampungia, kisha akamsikia akimwambia dereva aongeze moto kidogo.