Neno Alilobaki Nalo Mwalimu wa Kwaya

Wifi yangu ni fundi cherehani, na ana kichwa kigumu kuliko pasi yake ya mkaa. Nasema hivi nikimpenda. Ameolewa na kaka yangu, fundi rangi wa nyumba na mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, mtu mpole kupita kiasi. Waimbaji wakiharibu wimbo, kaka alikuwa anajikuna sikio tu na kusema turudie. Sijawahi kumsikia akimtukana hata mbuzi.

Kiharusi kilimkuta akinyoa ndevu. Aliporudi kutoka hospitali, upande wa kulia ulikuwa umepooza, na katika maneno yote aliyowahi kuyajua lilikuwa limebaki moja: "Pumbavu." Akitaka maji, pumbavu. Akishukuru, pumbavu. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa umegusa sehemu ya ubongo inayotunga maneno, na kwamba huwapata wengine pia. Akili inaelewa, ila mdomo haumtii. Ukimtazama machoni neno linapomtoka, unaona anavyoumia.

Wifi alimwelewa daktari. Hofu yake ilikuwa watu. Watamheshimu vipi, aliniuliza, wakidhani hilo ndilo lililokuwa moyoni miaka yote aliyotuongoza kumwimbia Mungu? Basi akafunga mlango. Jumuiya yetu, yaani majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, walipopiga hodi, aliwajibu dirishani kwamba mgonjwa amelala. Walileta supu, akaipokea hapo hapo dirishani, akashukuru, pazia likarudi. Mwishowe wakachoka kubisha.

Sala akaifanya ya watu wawili. Alisoma Biblia pembeni mwa kitanda, akaomba, akasema amina, na kaka akaitikia kwa neno lake. Wifi alikuwa analia kidogo, kisha anarudi kwenye cherehani. Mimi napika shuleni. Nikitoka kazini nilipitia kumsaidia kumgeuza mgonjwa, maana kaka ni mtu wa mwili na mgongo ulishaanza kutoka vidonda. Nilimsihi wifi afungue mlango, akanijibu kwamba Mungu anamsikia hata akiwa peke yake. Nikamwambia anakusikia, ndiyo, lakini sijamwona akija kukufulia mashuka. Tukanuniana.

Jumapili moja mchana kaka aliteleza, akaangukia katikati ya kitanda na ukuta. Tulivuta, tukasukuma, tukasogeza kitanda, hakuinuka. Mkono wake wa kushoto, ule usiopooza, ulikuwa umebanwa chini yake, naye analia na kuita, "Pumbavu, pumbavu." Nyumba ya pili jumuiya walikuwa wanasali, tuliwasikia wakiimba wimbo aliowafundisha yeye mwenyewe. Nilitaka kutoka kuwaita, wifi akanishika gauni. Alijaribu tena peke yake, miguu ikamteleza, akaketi sakafuni karibu na mumewe, mikono mapajani. Sijawahi kumwona mtu aliyeishiwa nguvu namna ile. Baadaye aliinuka, akaenda kusimama mlangoni pa nyumba ile ya sala. Walipomwona uso, waliacha wimbo katikati.

Walikuja, mbele muuza nyama anayeimba besi, nyuma yake mama wa saluni, wa sauti ya kwanza, na wengine. Walimwinua kaka, wakamlaza. Kaka akamshika muuza nyama mkono, akamtazama kwa upendo mwingi, akasema, "Pumbavu." Wifi alianza kueleza habari za daktari, akaishia katikati. Muuza nyama akamwambia taratibu kwamba wameelewa. Wakasali. Kwenye amina kaka akasema lake, na mama wa saluni akatoka nje haraka, kiganja mdomoni. Nilidhani analia.

Kumbe alikuwa anazuia kicheko. Kesho yake habari zilikuwa sokoni kote: mwalimu wa kwaya anatukana kwenye sala, ndiyo maana alifichwa. Wengine waliongezea mapepo. Nilijua zimetoka wapi, kwa sababu midomo ya saluni ile haina breki, na damu ilinichemka. Wifi naye zilimfikia. Alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akakaa akiutazama ukuta. Alichokiogopa kilikuwa kimeshatokea, na hapakuwa na mlango wa kukirudisha ndani.

Kabla ya kuondoka Jumapili ile, jumuiya walikuwa wamepangiana zamu za kuja kumgeuza mgonjwa. Jioni ile ile hodi ikapigwa. Nikafungua, nikamkuta mama wa saluni, mashuka safi mkononi. Nilijaza mlango kwa mwili wangu, maneno yamenijaa mdomoni, lakini wifi alinisogeza kwa bega.

"Pita," akamwambia. "Shika miguu, mimi nashika mabega."

Wakainama juu ya kitanda. Nilimnong'oneza wifi, nikamuuliza kama amesahau huyu mtu amefanya nini. Hakushusha sauti kunijibu.

"Sijasahau, wifi. Wewe kesho uko jikoni kwako shuleni. Ningekuwa na mikono minne, ningemfukuza. Ninayo miwili."

Mama wa saluni alisikia kila neno. Aliinamisha uso, machozi yakamdondokea shukani, lakini miguu ya kaka hakuiachia.