Laini Yake kwa Jina Langu

Amri ilipotoka kwamba kila laini ya simu isajiliwe, nusu ya majirani zangu wa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, hawakuwa na karti ya ukimbizi. Walikuwa wametoka Kivu ya Kusini juzi tu. Waliandikishwa Kabazana, kwenye kituo cha mapokezi, wakapewa viwanja, lakini karti zilikuwa hazijatoka. Mimi nilikuwa nayo. Kwetu mwenye karti aliwaandikishia wasio nayo, kama vile kuazimana jembe. Nilisajili laini sita kwa jina langu, wala sikuona kosa.

Moja ilikuwa ya mama wa nyumba ya pili.

"Yaya, na mie uniandikie," aliniambia, akiniita kaka kama wanavyosema kwao. "Mutoto akipiga akose mutu, ataenda fasi gani?"

Mtoto huyo alikuwa kijana wa miaka ishirini, aliyechukuliwa kwa nguvu na wenye bunduki. Kila Jumapili, wakubwa wake wakiwa kwenye sala, aliazima simu na kumpigia. Mama alipanda juu ya kichuguu nyuma ya Base Camp, katikati ya kambi, kutafuta mtandao, akamfundisha njia ya kutoroka: avuke ziwa hadi Kigoma, apite Tanzania, kisha aje mpaka wa Kikagate wa kuingilia Uganda.

"Ukifika pale unipigie. Nitakuya kukukamata mukono."

Siku moja nikaitwa mjini Mbarara, kwenye ofisi isiyo na kibao mlangoni. Ofisa alinisukumia karatasi iliyochapwa mazungumzo ya simu.

"Sebo, bwana, hii namba yako, waasi inapiga kila Sande. Wewe iko kamanda?"

Mwenzake akaichukua, akasoma maneno ya yule mama kwa sauti nyembamba ya kumwigiza: "Umekula, mutoto wangu? Miguu ingali inavimba?" Wakacheka wote wawili.

Hasira iliyonishika pale haijaniachia mpaka leo. Nimekimbia bunduki mara tatu; simdharau anayelinda mpaka. Amfuate mwenye silaha, aombe idhini ya hakimu, asikilize kinachomhusu. Lakini hawa walimsikia mama, Jumapili baada ya Jumapili, akimsihi mwanawe aitupe bunduki, wakauita uasi. Kama walisikiliza kweli, walijua. Na kama walijua, waliniitia nini?

Niliwaambia laini ni ya nani na ni ya kazi gani. Nilidhani ukweli utamwokoa.

"Sisi nalinda nchi," ofisa akasema. "Hiyo laini imekwisha."

Jioni ile laini zote sita zilikuwa zimefungwa.

Nilipomweleza yaliyotokea, mama hakunitukana. Aliuliza tu, "Balikuwa banatusikia? Hata wakati nilikuwa nalia?"

Nikamjibu ndiyo.

Tangu hapo, kila siku ya soko, alipanda gari la Kikagate akasimama pale watu wanapovukia. Aliwatazama vijana miguu kwanza, kisha nyuso. Nilipohama Nakivale, alikuwa bado anakwenda.