Breki za Kapteni

Wakati wa utawala wa wanajeshi nilikuwa fundi wa magari Kisenyi. Kapteni mmoja aliniletea gari lake dogo niipanulie injini njia ya hewa, likimbie zaidi. Nikamshauri tubadilishe breki pia.

"Breki ni za waoga," akasema.

Niliogopa kwamba akifa nitaulizwa mimi, kwa hiyo nikafunga breki kubwa bila kumwambia. Alipokwenda kulijaribu na mkewe, ng'ombe akawakatizia njia Nakivubo. Kapteni akakanyaga breki, gari likasimama ghafla, naye akarudi gereji na nundu kwenye paji la uso.

"Nani aliweka breki hizi?"

"Mimi, afande."

"Mshukuru fundi," mkewe akamwambia, akijizuia kucheka. "Tungekuwa maiti."

Kapteni akanipa mkono, kisha akauliza kwa upole kama nina barafu.