Friji Lisiloharibika

Chanjo ya msimu uliotangulia ilipata joto ndani ya friji bovu la karavani yetu, gari la kuchanjia mifugo, na ng'ombe tuliowachanja wakafa sawa na wale ambao hawakuchanjwa. Karavani hiyo niliisimamia mimi, kwa hiyo nilitumwa kununua friji jingine la mafuta ya taa. Hili nalo likishindwa, hakuna mfugaji wa Kwa Vonza, tulikotakiwa kuchanja tena, ambaye angetuletea hata ndama.

Mfanyabiashara wa Kitui mjini aliwasifu mafundi wake kuliko friji lenyewe. "Likisumbua, fundi wangu anafika siku hiyo hiyo," aliniambia mara tatu. Nikajiuliza: anayeuza kitu kizima anahitaji mafundi wa nini? Nikaenda Mtito Andei. Muuzaji wa huko hakuwa na fundi wala vipuri.

"Hili haliharibiki, bwana. Fundi angekula nini hapa?"

Nililiwasha dukani kutwa nzima, nikasoma kipimajoto kila saa, nikalinunua.

Siku ya pili tukiwa Kwa Vonza, kipimajoto kilianza kupanda. Nilisafisha utambi. Nikabadilisha mafuta, nikidhani yametiwa maji. Nikamshuku hata dereva kwamba anafungua mlango kuweka soda zake.

"Soda gani, bosi? Nionyeshe hata kizibo."

Wafugaji walitarajiwa baada ya siku tatu. Niliifunga chanjo kwa magunia yaliyoloweshwa, nikapanda lori hadi Kitui, nikaihifadhi kwenye friji la ofisi ya mifugo. Kisha nikaingia kwa yule yule niliyemkimbia.

Fundi wake alikuja nami bila kuuliza nilinunua wapi, na hilo nalo likanitia shaka. Hakugusa hata skrubu moja. Aliomba sahani ya maji, akaiweka juu ya friji. Maji yote yakalala upande mmoja.

"Nani aliegesha hapa?"

"Sisi," dereva akajibu. "Betri ya gari imechoka. Tunaegesha mteremkoni kila mahali, ili asubuhi liwake kwa kuserereka."

"Basi friji ni zima. Mafriji haya yakiinama hayatoi baridi. Mgonjwa ni betri." Akacheka. "Na betri tunauza."

Nilijua tu, nikawaza. Sikununua siku hiyo. Tuliishusha karavani hadi mahali tambarare, tukaisawazisha kwa mawe, nami nikakaa na ile sahani na kipimajoto hadi kesho yake. Baridi ilirudi. Ndipo nikaenda kuchukua chanjo, na betri.

Siku ya chanjo, wa kwanza kufika alikuwa mwanamke mzee aliyepoteza ng'ombe wawili msimu ule mbaya. Ng'ombe aliyebaki alimfunga mbali.

"Mlisema ni dawa," alisema. "Leo nataka kuigusa hiyo baridi yake."

"Susu, hapa si sokoni," dereva akamtania, akimwita nyanya kwa Kikamba.

Nilimfungulia friji. Aliingiza mkono, akauacha humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, macho yake yakiwa kwangu. Kisha akaufuta kwa leso, akaenda kumfungua ng'ombe wake.