Kitindamimba wa Chama

Wifi yangu ana wajukuu, na wodini kwake ndiye muuguzi mkuu. Madaktari wapya wakimwona tu huficha simu mifukoni. Lakini Jumamosi ya mkutano wa chama, akishavuka kizingiti cha Kiranja, mkuu wa chama, anageuka mtoto. "Mtoto amefika," wanasema, naye mtoto huyo, nywele zote mvi, anapitiliza jikoni kubandika maji.

Chama chenyewe ni cha wanawake waliosoma chuo kimoja cha uuguzi, enzi hizo kikiwa cha wanawake pekee. Wana desturi yao: kundi lililoingia chuoni mwisho ndilo linalomimina chai, mpaka lije jingine chini yake. Kundi la wifi lilikuwa la mwisho kabisa. Mwaka uliofuata chuo kikapokea wanaume na kubadilishwa jina, na wakubwa wa chama wakasema hao wapya si wetu. Wenzake wa kundi lake wengine wakahamia mbali, wengine wakachoka, akabaki yeye na birika. Ndiyo maana wasipomwita mtoto humwita Kitindamimba.

Mimi ni msusi. Naenda mikutanoni kwa sababu gari ni langu na wifi haendeshi. Nimehudhuria mara nyingi kuliko baadhi ya wanachama, na maoni ninayo tele, ila mgeni haruhusiwi kusema. Kwa mdomo kama wangu hiyo ni adhabu.

Siku ninayotaka kuieleza, wifi alikuwa kimya njia nzima.

"Kulikoni?" nikamuuliza.

"Leo wanaamua mustakabali wa chama. Wakubwa wanataka tukifunge kwa heshima kabla hatujaisha."

"Na wewe unatakaje?"

"Nataka tuwaite waliosoma baada yetu. Mabinti wapo, wodini kwangu wamejaa. Chama kikifa, wifi, mimi nitabaki na nani?"

Sikumtania, ingawa utani ndiyo kazi yetu sisi mawifi. Kaka yangu, mume wake, alipofariki, wale wanawake walikuja wote na masweta yao ya kijani ya chuo, mengine hayafungi tena vifungo. Walijipanga mstari kaburini, kisha wakaishika nyumba. Huyu anapika, yule anapokea wageni, Kiranja analala chini kando ya mfiwa. Sisi ndugu wa damu tulikuwa tumepigwa na bumbuwazi, hatujui hata sufuria ziko wapi. Mwanachama yeyote akifa au akifiwa, wenzake hufanya hivyo hivyo, na wifi hajawahi kukosa.

"Basi leo useme," nikamwambia.

"Zamu yangu ikifika nitasema."

Hapo kwenye zamu ndipo penye kasheshe. Sebuleni kwa Kiranja watu hukaa kwa mwaka wa kuingia chuoni. Masofa ni ya makundi ya mwanzo, viti vya meza ya chakula ni vya makundi ya kati, viti vya plastiki ni vya waliofuata, halafu kuna kigoda kimoja kando ya mlango wa jikoni. Na kusema ni kwa utaratibu huo huo. Wa kwanza anasema hadi anaishiwa pumzi, wa pili anasema naungana na dada aliyenitangulia, na kuungana kunashuka hivyo mpaka chini. Zamu ikifika kwenye kigoda, maji yameshachemka.

Kiranja alikuwa kiranja mkuu chuoni, na hajaacha hadi leo. Aligonga sakafu kwa fimbo yake, watu wakanyamaza.

"Tulianza pamoja, tumalize pamoja," alisema. "Tuweke kibao cha jiwe pale chuoni chenye majina yetu, kisha tukifunge chama."

Masofa yakaungana. Viti vya meza vikaungana. Mkunga mmoja mstaafu akauliza kama jiwe liwe jeupe au jeusi, na hapo ndipo mjadala ukakolea. Watu walioitwa kupanga mustakabali wakawa wanapanga jiwe. Nilitamani kuwapa vidonge vyao, nikameza mate.

Birika likapiga mluzi. Wifi akaingia jikoni. Kiranja akatazama kigoda, akakiona kitupu.

"Mtoto naye ameungana nasi," akasema. "Limepita."

Kusema siruhusiwi, lakini kwenda jikoni sikukatazwa. Nilimkuta anapanga vikombe kwenye sinia.

"Wifi, wameshafunga."

"Na zamu yangu?"

"Wamesema umeungana nao."

Akazima jiko. Sinia akaliacha pale pale, akatoka mikono mitupu.

"Mtoto, chai iko wapi?" akauliza mkunga, wala hakuwa na ubaya, ni mazoea tu.

"Iko jikoni, dada. Mimi nina neno."

Fimbo ikagonga. "Hoja imeshapita."

"Imepita nikiwa jikoni, dada. Kila hoja ya chama hiki hupita nikiwa jikoni." "Mnasema tumalize pamoja. Hatutamaliza pamoja. Mimi ndiye mdogo wenu. Nitavaa sweta langu kwa huyu, nitavaa kwa yule, na mstari utapungua mpaka nisimame peke yangu. Nitawazika nyote, na sinung'uniki. Lakini mimi nani atanizika?"

Mkunga aliangalia miguu yake. Mimi machozi yalinitoka, na sioni haya kusema hivyo.

"Hilo hatukuliwaza," Kiranja akasema. "Hao mabinti wa wodini kwako, wana adabu?"

"Wengine wanayo."

"Na wanaume?"

"Wapo wenye adabu kuliko mabinti."

Kuna waliocheka. "Wanaume tutawajadili mkutano ujao," Kiranja akasema. "Kwa leo turudie. Na safari hii tuanzie kwenye kigoda."

Haikuwa rahisi. Wawili wa kwenye sofa walikataa katakata, na mpaka leo wamenuna. Lakini wengi waliinua mikono, na ikaamuliwa mabinti waitwe.

Wifi akanyanyuka kufuata sinia. Kiranja akamwambia kaa. Akaenda mwenyewe, na tulisikia vikombe vikigongana huko jikoni, hakuna aliyethubutu kumfuata. Alirudi na kikombe kimoja tu, maana mkono mwingine ulikuwa na fimbo, na nusu ya chai ilikuwa imemwagikia kwenye kisahani. Akamkabidhi wifi yangu.

"Waambie waje upesi," akasema. "Nataka niwaone kwa macho yangu hao ninaowaachia mtoto wangu."