Zahanati Niliyoijenga kwa Kalamu

Jamani, ngojeni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana aibu niliyoipata enzi zile za dhahabu kule Tarime sijawahi kumsimulia hata mama yangu, na mama yangu anajua mpaka siku niliyojikojolea kwenye kipaimara. (Naam, kipaimara. Tuendelee.)

Nilikuwa afisa mipango wa wilaya, kijana wa Singida niliyepangiwa kazi ugenini, shati limenyooshwa, kichwa kimejaa hewa. Dhahabu ilikuwa imelipuka vijijini, watu wanamiminika kutoka Mwanza, Geita, mpaka ng'ambo ya Sirari, na mbunge wetu, mama mmoja asiyejua kunong'ona, akapeleka swali bungeni: kwa nini serikali inatoza ushuru wa dhahabu pale machimboni lakini wanawake wa palepale hawana pa kujifungulia? Sasa ninyi msioyajua mambo ya serikali mnadhani waziri hujibu kwa akili zake. Waziri hujibu kwa akili zetu. Wizara inapiga simu mkoani, mkoa unapiga wilayani, wilaya inamtafuta mtu wa chini kabisa mwenye meza, na mtu huyo siku hiyo nilikuwa mimi.

"Nenda machimboni ukaone ile zahanati ikoje," mkurugenzi akaniambia, "na jibu liondoke kwa faksi kabla ya saa tisa."

Nilitaka kwenda, haki ya Mungu. Ila mvua ilikuwa imenyesha, gari la ofisi limeenda msibani, na pale Nyamisangura, kwenye mgahawa wa Mama Ghati, mbuzi ndiyo kwanza alikuwa anageuzwa upande wa pili. Nikajiuliza, kwani zahanati itakwenda wapi, ina miguu? Nikafungua ripoti ya mwaka juzi, nikanakili: zahanati ipo, ina vitanda sita, na huduma ya mama na mtoto inatolewa saa ishirini na nne. Hiyo ya saa ishirini na nne niliiongeza mwenyewe, niliona inapendeza. (Ndani ya jalada la ripoti hiyo kulikuwa na barua tatu za nesi wa pale, Rhobi, ambazo sikuzifungua, maana mimi mjuzi nilishajua kwamba nesi akiandika anaomba uhamisho.)

Siku ya kujibu, mimi huyo kwa Mama Ghati, nimewanunulia watu soda na nimeagiza redio iongezwe sauti. Waziri akasoma maneno yangu bila kuacha hata mkato, kisha akaongeza kwamba kwa kuwa zahanati ipo, fedha zilizoombwa kwa ajili ya ujenzi zitapelekwa kwenye mahitaji mengine. Nikapigiwa makofi. Nikainama kidogo kuyapokea (ndiyo, niliinama), na kabla sijainuka mbunge akasimama na swali la nyongeza: "Mheshimiwa Spika, zahanati hiyo ilibomolewa na wachimbaji waliokuta dhahabu chini ya sakafu. Je, waziri yuko tayari kuja kulazwa kwenye hilo shimo?"

Bunge zima likaangua kicheko. Kwa Mama Ghati hakucheka mtu, waliniangalia tu.

Waziri akajibu kama wanavyojibu wote, kwamba yuko tayari kuongozana na mheshimiwa mbunge kwenda kujionea. Hapo nikashusha pumzi, kwa sababu kauli hiyo ni sawa na kumkaribisha mpita njia chakula, wewe unakaribisha kwa desturi na yeye kwa desturi anasema ameshiba. Kumbe wetu alikuwa na njaa. Taarifa ikaja kwamba atafika Jumamosi, na mkurugenzi akaniita.

"Machimboni ulifika?"

"Nilifika, mzee." Wapo watu ambao hapo wangeungama, lakini mimi nilishaamua kwamba mbunge amekosea kijiji.

Kwa kuwa nilifika, nikapewa heshima ya kukaa gari la mbele na kuongoza msafara, namwelekeza dereva barabara ambayo na mimi nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza maishani. Tukafika. Ukuta mmoja ulikuwa umesimama, bado una bango la chanjo, na pale palipokuwa na vyumba pana shimo lenye kamba na watu wanapandisha mawe. Pembeni limefungwa turubai, na humo ndimo nesi Rhobi alimokuwa anazalishia.

Waziri hakunifokea, na bora angefoka. Alitoa karatasi mfukoni, akanikabidhi mbele ya umati. "Afisa, wasomee wananchi jibu lako."

"Zahanati ipo," nikasoma.

"Ipo wapi, mura?" akauliza mchimbaji mmoja mwenye tope mpaka kwenye kope.

"Ina vitanda sita."

Sauti ikatoka shimoni: "Huku chini hatujaviona, labda tuchimbe zaidi!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, waziri mwenyewe akageuka pembeni akijikohoza, na mkurugenzi wangu akaanza kukagua viatu vyake.

"Huduma ya mama na mtoto inatolewa saa ishirini na nne."

Hapa nilitegemea kicheko kikubwa kuliko vyote. Hakikuja. Nesi Rhobi akasema taratibu, "Hapo rudia." Nikarudia. Mama mmoja aliyekuwa mbele akajifunika uso kwa kanga, akaondoka, na watu wakampisha.

Waziri alitangaza palepale kwamba atalifuta jibu lake bungeni na fedha zitarudishwa, na kweli zilirudi. Mimi nikapata barua ya onyo na mwaka mzima wa kuulizwa sokoni bei ya vitanda. Hayo niliyastahili, wala sikulalamika. Kilichonikondesha ni maneno ya Rhobi: yule mama anaitwa Wankuru, na mtoto wake mchanga alifia njiani wakikimbizwa mjini kwa baiskeli, wiki ileile niliyokuwa nakula mbuzi. Barua zote tatu zilikuwa zinaomba chumba.

Jumapili iliyofuata ziara ile nikaenda kwa Wankuru. Alinipa kigoda na uji, mimi mtu wa kufukuzwa kwa mawe.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

Akaniangalia. "Ni wewe unaandikaga?"

"Ni mimi."

"Na waziri anasomaga?"

"Anasoma."

"Basi andika na huyu wangu."

Nikamuuliza jina la mtoto. Akasema hakuwahi kupewa.

Sikupata la kuandika, nikalia kwenye uji wa watu. Tangu siku hiyo nimejiapiza kwamba kitu ambacho sijakishika kwa mkono, mimi sitasema kipo. Wenzangu ofisini wananiona mshamba, kwamba nasafiri siku nzima kwenda kupapasa ukuta. Acha waniite wanavyotaka, nitaupapasa.